Daftari la bibi na watu wake wa njiani

Bibi alifariki Februari 2022. Tukamzika kihambani, shamba la nyumbani kwetu Kibosho, upande wa chini wa nyumba, kati ya migomba na mibuni aliyokuwa anaipalilia mwenyewe mpaka miguu ilipomgomea. Siku ya tatu baada ya mazishi, watu wa Dar wameshaanza kuulizana habari za tiketi, wazee wamekaa chini ya turubai wanapiga hesabu za msiba, mama mkubwa akaniita pembeni akanipa kikapu cha bibi cha ukindu, ndani kuna simu yake ya kitochi na daftari moja la shule ambalo jalada lake limeshonwa na uzi wa gunia. Akaniambia wewe ndo ulikuwa unamsomea meseji zake, wa hapa wote wanajua, sasa wapigie wale wa njiani.

Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Nikakaa kwenye ngazi za jikoni, nikafungua daftari, nikakuta hakuna majina. Yaani kurasa na kurasa za namba za simu na mbele ya kila namba kuna maneno ya bibi, mwandiko wake ule mkubwa wa darasa la nne. "Tabora asali, mume kiharusi mkono wa kushoto." "Tunduma dereva wa lori, haongei na kaka yake, muulize." "Same duka la dawa, mtoto alifeli akarudia." "Kigoma mawese, alizika pacha mmoja." Nyingine zimekatwa kwa mstari pembeni ameandika RIP na mwaka. Namba kama 200 hivi, sikuzihesabu zote, na karibu zote ni za watu aliokutana nao kwenye treni, basi, meli, foleni ya mpakani, benchi la hospitali.

Pale msibani kila aliyesimama kumzungumzia alisema bibi alizaliwa mchangamfu, ana kipaji cha watu. Mimi kwa kweli baada ya kusoma lile daftari siamini tena hivyo. Uchangamfu tu ungeishia pale pale kwenye kiti cha basi, mnashuka kila mtu anaenda zake. Bibi alikuwa anauliza swali afu jibu analitunza, akifika nyumbani kabla hata hajavua viatu anaandika, na baada ya mwezi au miezi sita anapiga simu kuuliza yule mgonjwa anaendeleaje. Ile ilikuwa kazi, na aliifanya kama watu wengine wanavyolima, kila siku kidogo.

Alikuwa mfanyabiashara. Alianza mwaka 1960 akiwa binti aliyeolewa juzi tu, alifuatana na shangazi wa babu kupeleka ndizi na maparachichi Mombasa kwa treni. Wakati ule treni inatoka Moshi inafika Kahe, pale Kahe reli ya Tanga inaachana na ile inayopita Taveta kwenda Voi, na ukifika Voi umeshaingia njia kubwa ya Mombasa. Bibi alikuwa anajua Kichagga na Kiswahili kidogo cha kanisani, basi. Alisema safari ya kwanza alikaa kimya mpaka Taveta, aliona aibu kukosea. Taveta akapanda mama mmoja wa makamo yake ana tenga la nyanya, akakaa karibu naye, nyanya moja ikadondoka ikabingirika chini ya kiti, bibi akainama akaiokota akaifuta na kanga yake akamrudishia, na yule mama akaikata katikati wakala. Walikuja kuwa marafiki kwa zaidi ya miaka 60. Kwenye daftari hana maelezo yoyote, ameandikwa "Taveta, rafiki yangu".

Mombasa alirudi nayo nazi, papa mkavu na kanga, na pia alirudi na Kiswahili cha kule ambacho hakikumtoka mpaka uzeeni. Sisi wajukuu tukiwa wadogo tulikuwa tunamsubiri aseme "yuwaja" badala ya anakuja. Baadaye akaongezea kila sehemu aliyopita, Tabora akaokota mwangaluka, Zambia akaokota mulishani, na hakuokota zaidi ya salamu na asante, alisema salamu ukiijua mtu mwenyewe atakufundisha yaliyobaki.

Halafu mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa. Kwetu huku Kilimanjaro hilo jambo halikuwa la kwenye redio tu, Holili pale mpakani ni karibu kabisa, watu walikuwa na ndugu, mashamba na biashara ng'ambo. Bibi njia yake ya Mombasa ikafa siku moja. Salamu kati yake na rafiki yake zilipita kwa watu wa njia za panya, na zilifika nusu nusu, mara amesikia rafiki amejifungua, mara amesikia amefiwa na mume, hajui lipi la kweli. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Bibi hakungoja Krismasi ipite, alibeba mkungu wa ndizi akaenda Holili akavuka kwa miguu, kufika Taveta anaambiwa rafiki yako alishahamia Voi, akapanda gari akamfuata Voi. Alikuta yote mawili ni kweli, mtoto alizaliwa na mume alikufa. Alikaa kule siku nne, babu huku nyumbani hajui kama mke wake amekamatwa au vipi.

Lakini ile miaka sita ya mpaka kufungwa ndo ilimfanya asafiri kuliko mwanzo. Sabuni ilikuwa shida nchi nzima, sukari shida, kanga ukisikia zimefika duka fulani unakimbia. Mtu akamwambia Kigoma watu wanatengeneza sabuni kwa mawese. Basi akapanda treni mpaka Ruvu, akaunga reli ya kati, Dodoma, Tabora, Kigoma, siku nyingi njiani, anapeleka maharage anarudi na madumu ya mawese na dagaa. Ndo huko alipopanda meli ya Liemba, ile iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 na ilikuwa inashuka Ziwa Tanganyika mpaka Mpulungu, Zambia. Hadithi yake ya Liemba sikuwahi kuichoka. Alisema sehemu nyingi hakuna gati, meli inasimama majini usiku wa manane inapiga honi, mara unaona taa za mitumbwi zinakuja kutoka gizani, watu wanashuka kwa kamba na mizigo, kuku, magodoro, na wengine wanapanda wakati huo huo. Usiku mmoja mama mmoja alitaka kushuka, mtumbwi unayumba, mikono yake imejaa, akamtupia bibi mtoto mchanga bila hata kumuuliza jina akashuka kwanza yeye na mizigo yake. Bibi akabaki na mtoto wa watu kifuani, mtu wa milimani asiyejua kuogelea, akainama akampokeza. Na yule ndo "Kigoma mawese, alizika pacha mmoja". Yule mtoto wa kwenye mtumbwi ndo aliyebaki.

Nilipokuwa sekondari nilimwona bibi anasumbua. Nisiseme uongo. Ukiwa naye kwenye daladala ya kutoka Kibosho kwenda mjini, kabla hamjafika ameshajua konda analipwa shilingi ngapi na mama wa kiti cha nyuma anakwenda kuona mgonjwa wodi gani, na tukishuka tunaenda kumwona huyo mgonjwa! Mgonjwa wa mtu tusiyemjua. Nilishamwambia mara moja, bibi hawa watu hatuwafahamu. Akanijibu, "Ndo tunawafahamu sasa, baba." Akaendelea kutembea.

Mwaka 2012 nikiwa natoka Kigoma kwenye kazi za mradi fulani, niliibiwa begi Tabora, pesa, kitambulisho, tiketi, kila kitu, nimebaki na simu yenye chaji ya mwisho mwisho. Nikampigia mama hapokei, nikampigia bibi. Hakunipa pole wala nini, aliniuliza umesimama wapi, upande wa stesheni au sokoni, afu akasema subiri hapo hapo usiondoke. Haikuisha saa moja akaja mama mzee na baiskeli inasukumwa na kijana, anaangalia watu usoni. "Wewe wa Mama Moshi?" Nilikaa kwake siku mbili. Mume wake alikuwa ameketi kivulini mkono wa kushoto umelala, na kila asubuhi nilipomwamkia aliniuliza mlima unaonekana leo, kana kwamba nimeutoka asubuhi ile. Walinipa nauli na galoni ya asali. Nilipomuuliza yule mama amejuana na bibi kwa muda gani alisema walisafiri pamoja mara moja tu, mwaka 1981, Tabora mpaka Dodoma.

Ungedhani baada ya hapo nimebadilika, hapana. Watu tunapata funzo na tunarudi tulivyokuwa. Desemba 2019 treni ya abiria ya Dar na Moshi ilirudi baada ya kusimama miaka mingi, tangu miaka ya tisini, na bibi akasema hafi kabla hajaipanda. Januari nikamkatia tiketi, mimi na yeye, kwenda Dar kwa mama mdogo. Alivaa kitenge chake cha sikukuu. Stesheni ya Moshi alipita kwa gadi, kwa mfagizi, kwa askari, anawaeleza hapa palikuwa na bomba la maji, pale alikuwa anakaa muuza chai. Kwenye behewa mi nikaweka spika za masikioni, nilikuwa nimechoka na kazi, nikafumba macho nikijifanya nimelala kwa sababu nilijua atanitambulisha kwa behewa zima. Nilisikia sauti yake kwa mbali, Kahe hii, Same hii, hapa palikuwa na makonge mpaka macho yanachoka. Tulifika Mombo giza limeshaingia, akina mama wanapitisha matunda dirishani kwa mwanga wa simu, na bibi akafungua dirisha akaongea na mmoja wao mpaka treni inaondoka. Nilifungua jicho moja nikamwona anaandika kwenye daftari gari linavyotikisika. Sikumuuliza ameandika nini.

Hiyo ilikuwa safari yake ndefu ya mwisho. Mwaka uliofuata sukari na presha vikamzidi, na kufikia Desemba 2021 alikuwa hatoki kitandani. Simu ilikuwa inaita kutwa. Anaamka anapokea, anaongea mpaka anahema, anauliza habari za watu mpaka mstari wa mwisho, wakati daktari amesema apumzike. Siku moja mchana baada ya simu ya tatu au ya nne, mi ndo niliyeichukua nikaizima nikaiweka kabatini. Nikamwambia imeharibika, nimeipeleka kwa fundi mjini. Aliniuliza kila wiki fundi amesemaje. Nilikuwa najibu bado, bibi, wanasubiri spea. Familia nzima ilinishukuru, waliona nimefanya jambo la busara na mimi pia niliona hivyo, niliona namlinda na watu wanaomchosha.

Sasa pale kwenye ngazi za jikoni, siku ya tatu ya matanga, nikaichomeka ile simu kwenye chaji nikaiwasha. Meseji zikaanza kuingia moja baada ya nyingine, simu inatetemeka kwenye sakafu mpaka inasogea. "Mama Moshi kimya sana kuna nini." "Mama nimejifungua salama wa kike." "Bibi yule kaka tumeongea, Mungu akubariki." Huyo ni dereva wa Tunduma. Na moja ya Januari, namba ya Kenya, imeandikwa na mtu mwingine: mama ametuacha jana usiku, alikuwa anakuulizia, tafadhali piga.

Nikapiga. Alipokea binti, mtu mzima, sauti nzito. Ndo yule aliyezaliwa mpaka ukiwa umefungwa. Nikajitambulisha, nikampa pole, nikamwambia na sisi huku mama yenu mdogo tumemzika juzi. Alinyamaza muda mrefu, afu akaniuliza, "Alipata habari ya mama?" Nikasema hapana. Akasema mama yake siku za mwisho alikuwa anasema mbona wa Moshi hanipigii, nimemkosea nini. Ilibidi nimweleze ukweli wa simu ile, kwamba haikuharibika, niliizima mimi. Hakunigombeza. Alisema "haya", kama mtu anayepokea mzigo, akaomba tarehe kamili ya mazishi aiandike. Mpaka leo hilo ndo linaloniamsha usiku. Wazee wawili waliosubiriana miaka sita mpaka serikali mbili zikapatana, na mwishoni kilichowatenganisha kilikuwa kidole changu kwenye kitufe.

Naandika haya kwa sababu najua wengi tuna mzee ndani anayeuguzwa, na kitu cha kwanza tunachofikiria ni kupunguza watu. Wageni wasiingie wengi, simu isipigwe, asiongee sana. Pengine kwa mzee mwingine ni sawa. Bibi nilimnyima chakula chake nikidhani nampa dawa, na baada ya simu kuondoka hakupumzika zaidi, alikaa anaangalia mlango. Hilo nililiona kwa macho yangu kila siku na sikulielewa.

Zile simu zilinichukua wiki mbili na zaidi, kila jioni nikitoka kazini. Nilijifunza kwamba huwezi kupiga ukasema tu Mama Moshi amefariki ukakata. Mtu anataka kujua alikuwa anaumwa nini, aliteseka, kazikwa wapi, ile mibuni anaitunza nani. Na mi nikajikuta nauliza ya kwenye daftari, mzee mkono vipi, mtoto alifaulu, nikawa naandika pembeni ya maandishi ya bibi kwa peni yangu. Mama wa asali aliniambia mume wake amefariki 2018, na bibi alishaandika, ila ukurasa mwingine. Wengine namba zimekufa. Wengine walilia mpaka mi nikawabembeleza. Mmoja, namba ya Singida, alikataa kabisa kuamini, akasema mpe simu mwenyewe.

Kufika ukurasa wa mwisho nikakuta ile ya kwenye treni, mwandiko umepinda pinda. "Mombo matunda, shamba juu Soni. Ameomba mche wa mshare. Bado." Nilipompigia alinipa pole vizuri, na wala hakutaja mche.

Nilikaa na lile neno bado kama mwezi. Afu Jumamosi moja nikaenda Kibosho nikamwomba mjomba anisaidie kuchimba. Tulichagua chipukizi la mgomba wa mshare lenye majani membamba kama upanga, mjomba alilimenya mizizi na udongo wote mpaka shina likabaki jeupe, alisema bila hivyo utawasafirishia fukusi kwenye shamba la watu. Tukalifunga kwa majani makavu ya migomba na kamba zake. Nikapanda basi stendi ya Moshi saa moja asubuhi, konda alitaka nikalitupe kwenye buti nikakataa, nikalipakata mpaka Mombo.

Nilimpata palepale karibu na wauza matunda wengine, mwanamke wa miaka 50 hivi, mfupi, meno ya mbele yana mwanya. Nikamwamkia nikajitambulisha. Alishika ule mche kwanza, akaugeuza akaangalia chini, akapitisha kidole pale mjomba alipomenya, akatikisa kichwa kwamba sawa. Akaumwagia maji kidogo akauweka kivulini chini ya meza, akanisogezea ndoo nyingine niikalie.

Afu akaniangalia vizuri. "Wewe ndo yule uliyekuwa umelala dirishani?"

Nikasema ndiyo.

"Alisema umechoka, usiamshwe. Alisema mke wako mimba mbili zimetoka na hii ya tatu anaogopa hata kuitaja." Akainamisha kichwa. "Nimekuwa nikijiuliza. Ilikuwaje?"

Nikamwambia alizaliwa Juni, wa kike, anatembea. Akataka kuona picha, nikatoa simu. Basi la kurudi Moshi likaja likapiga honi, konda ananiita kwa mkono, nikamfanyia ishara aende, nikaanza kumweleza toka mwanzo.